Aliyechunguzwa akakutwa hana kosa: faili lifungwe au libaki wazi?

Mleta mada:
Wadau, Machi 2011 Urusi iliionya FBI, shirika la upelelezi wa ndani la Marekani, kuhusu Tamerlan Tsarnaev, aliyekuwa akiishi Marekani. Wakamhoji, hawakuona kitu, wakafunga faili. Aprili 2013 yeye na mdogo wake wakalipua mabomu kwenye mbio za Boston. Watu 3 wakafa, mamia wakajeruhiwa. Yule aliyeua watu 49 Orlando mwaka 2016 naye FBI walishamchunguza mara mbili wakamwacha. Msimamo wangu: ukishatiliwa shaka ya ugaidi, faili lako lisifungwe. Bora mmoja asumbuke.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unahesabu waliogeuka wauaji tu. Mwaka huohuo wa 2011 kikosi cha kupambana na ugaidi cha Boston, kinachoongozwa na FBI, kilichunguza taarifa za awali kama 1,000. Kumfuata mtu mmoja usiku na mchana kunakula askari wa zamu kadhaa, sasa zidisha. Halafu "mmoja" huwa habaki mmoja. Polisi wa New York walikuwa na kitengo cha kuwapeleleza Waislamu misikitini na hata kwenye migahawa. Ofisa wa juu alikiri kwa kiapo kwamba katika miaka yake 6 pale, taarifa za kitengo hicho hazikufungua uchunguzi hata mmoja. Kilivunjwa 2014. Nani atampigia simu polisi anayemchungulia akiswali?

Mleta mada:
La New York nakubali, ulikuwa upuuzi. Ila mimi sisemi msikiti mzima, nasema mtu ambaye jina lake limeletwa na serikali nyingine.

Mchangiaji wa pili:
Mnagombania faili, wakati shida ni nani analiona. Kabla ya Septemba 11, 2001, CIA, majasusi wa Marekani wa nje ya nchi, walijua kuwa al-Hazmi, mmoja wa watekaji wa ndege, ameshaingia Marekani. FBI walikuja kuelewa uzito wake Agosti, maji yako shingoni. Ikaundwa Wizara ya Usalama wa Ndani, idara 22 chini ya paa moja, ikaanza kazi 2003. Miaka 10 baadaye mkuu wa polisi wa Boston, Ed Davis, anawaambia wabunge kwamba idara yake haikuambiwa habari za Tsarnaev. FBI wakajibu: askari wako walio kwenye kikosi chetu wangeweza kuzisoma kwenye kompyuta. Wangeweza, ndiyo, katikati ya hizo 1,000! Mleta mada, wewe ungeanza na lipi?