Wudi namba tatu inanishinda kwenye nyasi: nichague ipi inayovumilia makosa?

Mchumachai wa Mufindi

Wapenzi wa gofu wa Nyanda za Juu Kusini, habari zenu. Nina miaka mitatu katika mchezo huu na handikapu yangu, yaani mapigo ninayopunguziwa kulingana na uwezo wangu, ni 24. Draiva, fimbo ndefu kuliko zote, ninaimudu mpira ukiwa juu ya tii (kijiti cha kuuinulia), na aironi, fimbo fupi za chuma, namba saba hadi tisa hazinisumbui. Kinachonishinda ni wudi (fimbo ndefu yenye kichwa kinene) namba tatu yenye lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo, ya digrii 15, ambayo niliinunua ikiwa imetumika, na ambayo ninaihitaji kila ninapobakiza mita 180 au zaidi kufika kwenye grini, pale penye shimo.

Jumamosi iliyopita niliipiga mara kumi kutoka kwenye nyasi, asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka. Mara saba mpira ulitambaa chini, na mipira miwili kati ya hiyo ikapotelea kwenye chai. Nilipogeuza fimbo kuitazama, niliona alama zote za mpira zimejipanga kwenye mstari wa chini kabisa wa uso wake, upana wa kidole tu kutoka kwenye soli, yaani kitako cha kichwa. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue namba tatu mpya yenye kichwa kikubwa, akisema kwamba itafuta makosa hayo. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha.

Mzee wa Gangilonga

Mwanangu, alama hizo ulizoziona zimekwisha kukujibu. Unaugusa mpira kwa chini ya uso kwa sababu fimbo ni ndefu na lofti yake ni ndogo, kwa hiyo mwili wako unajaribu kuunyanyua mpira, mabega yanainuka, na kichwa cha fimbo kinafika kikiwa tayari kinapanda. Kichwa kipya chenye digrii zile zile 15 hakitakuondolea hofu hiyo. Wudi namba tatu kwa kawaida ina shafti (mpini) ya inchi 43 hivi, namba tano ina digrii 18 na inapungua kama nusu inchi, na namba saba ina digrii 21 na inapungua tena. Nusu inchi inaonekana ndogo mkononi, lakini ndiyo inayoamua kama utaupata mpira katikati ya uso au pembeni.

Lipo na jambo la huku kwetu ambalo wauzaji wa pwani hawalizungumzii. Mufindi iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Hewa nyepesi haiupunguzii mpira mwendo sana, ndiyo maana pigo la mita 170 la Dar es Salaam linaweza kupita mita 180 huko kwenu. Lakini hewa hiyo hiyo haiubebi mpira unaozunguka kama hewa nzito inavyoubeba, kwa hiyo mpira unaruka chini zaidi. Umbali unapewa bure na mlima, ila kimo lazima ukinunue kwa lofti. Mimi ningekuambia uache namba tatu kabisa kwa sasa na uchukue namba saba, au namba tano ikiwa umbali unakusumbua sana. Wala usione haya kwamba ni fimbo ya wazee: Dustin Johnson alikuwa na namba saba kwenye mfuko wake aliposhinda Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, mwaka 2020 kwa mapigo 20 chini ya par (idadi ya mapigo iliyowekewa uwanja).

Kedi wa Zamani, Mbeya

Naunga mkono aliyoyasema mzee, na ninaongeza habari za kichwa, kwa kuwa namba saba zenyewe hazifanani. Kiweke kichwa chini na ukitazame kwa upande. Uso ukiwa mfupi kwenda juu, na kichwa kikiwa kimetandazwa kwenda nyuma, uzito unakaa chini na nyuma, na mpira unapanda hata ukiguswa chini kidogo ya katikati. Uzito uliosambazwa mbali na katikati unakifanya kichwa kisijipinde kirahisi mpira unapogusa ncha ya kichwa au kisigino chake (upande wa shafti), na huo ndio uvumilivu wenyewe. Makampuni mengi huandika neno Max kwenye vichwa vya aina hiyo, na Ping G430 Max ni mfano mmoja, ikiwa na namba tano ya digrii 18 na namba saba ya digrii 21. Vilivyoandikwa LS (vya kuuzungusha mpira kidogo) au Tour (vya wachezaji wazoefu) waachie wenye mikono ya haraka.

Ukinunua iliyotumika, kagua shingo pale shafti inapoingia kichwani, uipinde kidogo na usikilize kama inalia. Soma pia ugumu wa shafti: iliyoandikwa S (ngumu) au X (ngumu zaidi) itakuwa ngumu kwako ikiwa pigo lako si la kasi, na mpira utaendelea kutambaa hata ukiwa na lofti ya kutosha.

Dada wa Njombe

Kaka, wengine watakuambia uchukue haibridi, fimbo iliyo kati ya wudi na aironi. Kwenye rafu (nyasi zisizokatwa) ndefu yenye maji ninaiona haibridi ni bora, kwa kuwa kichwa chake chembamba kinapita kwenye nyasi bila kunaswa. Mpira ukiwa umekaa vizuri, hata hivyo, namba saba inaupandisha juu zaidi na kuutua taratibu kwenye grini. Uweke mpira mbele kidogo ya katikati ya miguu, kisha ufagie nyasi chini yake, usiuchote.

Mchumachai wa Mufindi

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Rafiki yangu wa kiwandani aliniazima namba saba ya digrii 21 yenye shafti ya R (ugumu wa kawaida), na jana jioni nimeipiga mara kumi mahali pale pale. Minane ilipaa, na alama zimehamia karibu na katikati ya uso, ingawa mbili zimeegemea kisigino. Wastani wangu ulikuwa mita 160, kwa hiyo kwenye shimo refu la uwanja wetu nitalazimika kupiga mara tatu kabla ya grini, nami nimeridhika nalo. Mwenye namba saba ya kuuza, Iringa au Mafinga, aniandikie. Nitakuja kuipiga kwanza.