Tamthilia ya wapishi wa Tokyo imeninyima usingizi: nihamie mkahawa wa ng'ambo ya barabara au nibaki? Naomba ushauri

Mpishi wa Kisauni

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari za jioni kwa wote. Mimi ni mpishi katika mkahawa mmoja wa kifahari huku Nyali, Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa sita hapo. Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulianza kutazama Grand Maison Tokyo, tamthilia ya Kijapani ya mwaka 2019 yenye vipindi 11, na juzi tumeimaliza. Kwa wasioijua, inamhusu mpishi aliyeporomoka kutoka kilele cha sifa mjini Paris, akaungana na mpishi mwanamke kufungua mkahawa wa Kifaransa mjini Tokyo wakiwania nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la sifa ya mikahawa, huku mkahawa mwingine uitwao gaku ukiwakabili kwa kila hila.

Shida yangu ni hii. Ng'ambo ya barabara, mkabala na tunapofanyia kazi, umefunguliwa mkahawa mpya. Mwenyewe ni kaka aliyenifundisha kazi tulipokuwa jiko moja, naye ameniita niwe msaidizi wake wa kwanza. Katika tamthilia yumo kijana mmoja anayeingia jikoni mwa wapinzani, na mke wangu alimchukia kwa moyo wake wote. Tangu siku hiyo silali. Swali langu ni moja tu: je, mpishi anayehamia kwa mshindani ni msaliti?

Mwana wa Mvita

Karibu sana, kaka, umenigusa pale ninapopapenda. Nimeitazama tamthilia hiyo mara mbili, na jambo linaloniuma ni kwamba watazamaji wengi waliushangilia mkahawa mmoja tu, wakaona chakula cha gaku ni cha maonyesho kisicho na roho. Hawakujua kwamba vyakula vya upande wa kwanza vilisimamiwa na Shuzo Kishida, mpishi wa Quintessence ya Tokyo yenye nyota tatu, na vya gaku vikaachiwa jiko tofauti kabisa, lile la mkahawa uliokuwa ukiitwa Inua. Ni falsafa mbili za upishi zilizogongana kwelikweli, wala si mapambo ya kamera.

Nyota wanazozilia zilianzia kwa ndugu wawili Wafaransa, akina Michelin, waliokuwa wakiuza matairi. Walitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari mwaka 1900, nyota ya kwanza ikaingia mwaka 1926, na madaraja matatu yakafuata mwaka 1931. Tokyo ilipata kitabu chake mwaka 2007, ikawa ya kwanza katika bara la Asia. Kwa hiyo mtu anapohama kutoka jiko moja kwenda jingine mahali kama pale, anafuata elimu. Hamia, kaka.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mwanangu, mimi sikuiona hiyo tamthilia mpaka mjukuu wangu aliponiwekea, nami nikaitazama yote kwa sababu ya vile wanavyoonja mchuzi kwa adabu, kijiko kimoja, kisha wananyamaza. Nilikumbuka harusi za zamani hapa Mji wa Kale, ambapo wapishi wawili wa pilau walikuwa hawaamkiani mwaka mzima, lakini mmoja wao akiugua, mwenziwe alikuja kumsimamia sufuria bila kuitwa. Mmoja wao alikuwa marehemu mume wangu. Siku moja alipoungua mkono kwa samli, yule hasimu wake ndiye aliyekaa kwenye moto tangu baada ya Isha hadi alfajiri, na asubuhi akakataa hata kikombe cha kahawa asije akaonekana amefanya urafiki.

Kuhama si usaliti. Usaliti ni kuhama na amana ya mtu. Je, unatoka na daftari la mwajiri wako? Kama hutoki nalo, nenda kwa salama.

Binti Tudor

Nyumbani kwetu tuligawanyika juu ya kijana huyo huyo, kaka. Mama alisema hafai hata kuosha sahani, nami nilimlilia kwa sababu niliona ni mtoto aliyeogopa mbele ya watu wakubwa, akanyamaza siku moja, na siku moja ikawa miaka. Watu wanamchukia haraka mno. Nenda kwenye mkahawa mpya, na mkeo mwambie ile ni televisheni.

Muuguzi wa Changamwe

Ndugu Mpishi, nimesoma maelezo yako mara tatu na kuna kitu umekiruka. Mtu yeyote anayeisimulia tamthilia ile huanzia kwenye njugu. Mpishi mkuu aliporomoka Paris kwa sababu katika karamu ya viongozi mgeni mmoja alipata mzio wa njugu, akazidiwa mezani, na baadaye ikabainika kwamba aliyekosea ni huyo huyo kijana unayetuulizia. Mkeo hakumchukia kwa sababu ya kuhama jiko. Alimchukia kwa sababu ya alichokinyamazia. Wewe umetaja nyota, umetaja vipindi, umetaja hata hila, lakini njugu hukuzitaja. Kwa nini?

Mpishi wa Kisauni

Dada Muuguzi, sikuona kama inahusika na swali langu. Nakiri kwamba mkahawani kwetu palitokea jambo kama hilo miaka miwili iliyopita, mgeni mmoja akaugua, akapelekwa hospitali na alhamdulillahi akapona. Kaka huyu aliyefungua mkahawa sasa ndiye aliyefukuzwa kwa ajili hiyo. Hayo yamepita. Mimi naulizia kazi.

Muuguzi wa Changamwe

Nani alizitia hizo njugu?

Mpishi wa Kisauni

Hazikuwa njugu, zilikuwa korosho. Na hakuna aliyezitia kwa makusudi.

Nilikuwa mimi. Sikujua siku hiyo, Mwenyezi Mungu ni shahidi wangu. Nilijua siku ya pili, na kaka alikuwa ameshafukuzwa usiku ule ule kwa sababu yeye ndiye aliyeipitisha sahani ile kwenda mezani. Meneja hakuuliza mtu mwingine. Nikajisemea kwamba nikifungua mdomo tutafukuzwa wawili badala ya mmoja, na mke wangu wakati huo alikuwa mjamzito wa miezi saba.

Naomba mnielewe, sijakaa nikistarehe juu ya kazi ya mtu. Nilimtumia pesa mara nne katika miezi ile aliyokaa bila kazi, naye alinishukuru kila mara. Sasa ameniita mwenyewe, kwa mapenzi yake, na nimeona hii ndiyo njia ya kumlipa: nimfanyie kazi kwa jasho langu lote mpaka mkahawa wake usimame. Nimeshapokea malipo ya awali. Nikimwambia leo, nitamharibia moyo katika wiki anayohitaji moyo huo kuliko wakati wowote.

Nahodha wa Likoni

Wanajukwaa, samahanini, lakini mimi nimekataa. Bwana huyu ametusimulia tamthilia yenyewe. Ameiondoa Paris akaweka Nyali, ameondoa njugu akaweka korosho, na mkahawa wa mpinzani uko ng'ambo ya barabara kama kwamba umejengwa na fundi wa seti. Kijana aliyenyamaza, mkubwa aliyebeba lawama, na mke anayetoa hukumu mbele ya skrini bila kujua anamhukumu mumewe! Nimekaa kwenye foleni ya feri miaka 20 nikisikiliza visa vya watu, na kisa cha kweli hakikunjiki vizuri hivi. Kama unataka tujadili tamthilia, tujadili tamthilia, lakini usitutoe machozi kwa kisa cha kubuni.

Mwana wa Mvita

Hata mimi sasa nina shaka, na ninajuta kumwambia ahamie. Ndugu Mpishi, kama ni kweli, tueleze korosho zilifikaje kwenye sahani. Mkahawa wa kiwango hicho una taratibu zake, na oda ya mgeni mwenye mzio huandikwa waziwazi.

Binti Tudor

Ikiwa ni cha kubuni, basi kimebuniwa na mtu anayejua kuogopa. Mwacheni ajibu.

Mpishi wa Kisauni

Nitaeleza, na atakayeona ni uongo aone.

Oda iliandikwa. Ilikuwa samaki wa kupaka, changu wa kuchoma makaani, na kikaratasi kilikuwa na maneno kwa wino mwekundu: hakuna njugu, hakuna korosho. Mchuzi wa kupaka hauna korosho, una tui zito, tangawizi, saumu, pilipili mbichi, bizari ya manjano na ndimu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Lakini mchana wa siku hiyo nilikuwa nimesaga korosho za Kilifi kwa ajili ya mchuzi mzito wa kuku, na jagi la blenda lilikuwa moja. Nililiosha kwa maji moto na sabuni, nikalisuuza mara mbili, nikaliinua kwenye taa likang'aa. Kisha nikasagia humo tangawizi na saumu za kupaka.

Siku ya pili asubuhi blenda ilivuja. Nilifungua kitako cha jagi, pale visu vinapofungwa, na chini yake kuna mpira wa duara mwembamba kama uzi wa kiatu. Nilipoung'oa kwa ncha ya kisu, upande wa ndani ulikuwa na ukoko mweupe uliogandamana, na niliponusa nikajua ni korosho. Nilisimama na ule mpira kiganjani. Kaka alikuwa ameshachukua visu vyake na kuondoka. Nikauosha, nikaurudisha mahali pake, nikaendelea na kazi.

Hakuna tamthilia iliyonifundisha hilo. Mke wangu aliposema mbele ya televisheni, "Mtu kama huyu hata salamu nisingemwitikia," nilikuwa nimempakata mtoto, nikajifanya nampangusa uso. Mnaona kisa kimefanana. Mimi pia nimeona, na ndiyo sababu ya kutolala.

Muuguzi wa Changamwe

Mimi nimemwamini, na nitasema kwa nini. Wasioifahamu hali hii hudhani sumu lazima iwe nyingi na ionekane. Kwa mwenye mzio mkali, kiasi kidogo mno kinatosha, na moto hauokoi, kwa sababu kupika hakuondoi kile kinachoushtua mwili. Midomo huvimba, koo hubana, presha hushuka, na tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja, kisha hospitali mara moja, hata kama mgonjwa anasema amepata nafuu. Tena korosho si ndugu wa njugu. Njugu ni jamii ya kunde, ilhali korosho ni jamii moja na mwembe, kwa hiyo yupo anayekula njugu bila shida na korosho ikamlaza. Hayo tamthilia ile haikuyaeleza, lakini mpira wa blenda ndipo mahali penyewe.

Sasa nina neno na wewe, ndugu. Hofu yako yote umeielekeza kwa mkeo na kwa kaka. Je, kwenye jiko unalotoka, blenda ya korosho na ya viungo ni moja mpaka leo?

Mpishi wa Kisauni

Ni moja. Ninaifungua na kuiosha mwenyewe kila zamu yangu. Siku nisizokuwepo sijui.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Basi mwanangu, nayarudisha maneno yangu ya kwanza, kwa maana nilikuuliza kama unatoka na daftari la mwajiri, kumbe unaingia kwa mwenzako na kitu kizito kuliko daftari. Unasema utamlipa kwa jasho. Malipo hayo yeye hajui kuwa ni malipo, anadhani ni hisani, na kila siku atakuombea dua kwa hisani usiyomfanyia. Hizo pesa mara nne alizokushukuru, huoni kwamba alikushukuru kwa haki yake mwenyewe? Mume wangu angependelea mkono uungue tena kuliko kushukuru hivyo.

Na huyo mkeo usimfanye kadhi kwa aliyosema mbele ya televisheni. Alimhukumu mtu asiyemjua. Wewe anakujua, amekuzalia.

Nahodha wa Likoni

Nimesoma habari ya mpira. Nilikuwa fundi wa mitambo kabla ya hii kazi ya sasa, na najua mpira wa namna hiyo unavyoficha uchafu ukaonekana safi. Naomba radhi kwa nilivyoandika. Ila bado nasema usihamie kabla ya kuzungumza naye, maana ukikaa kule mwaka mmoja ndipo ukasema, atauliza mbona ulisubiri.

Binti Tudor

Mimi nilimsamehe yule kijana wa tamthilia na bado namsamehe. Lakini nimekumbuka kwamba nilianza kumsamehe pale ukweli ulipotoka, si kabla. Kabla ya hapo nilikuwa simjui.

Mpishi wa Kisauni

Nimewasoma nyote tangu jana. Nilitaka kumjibu Bi Mkubwa kwamba hali yangu ni tofauti, nikaandika aya ndefu, nikaifuta.

Leo asubuhi nilimwambia meneja tununue jagi la pili, na alipouliza sababu nilimwonyesha mpira. Hakuelewa yote, nami sikumaliza yote. Jioni nilimpigia kaka simu nikamwambia nina maneno kabla sijaanza kazi. Alidhani nataka kuongezwa mshahara, akacheka, akasema nimkute sokoni Kongowea kesho saa kumi na moja alfajiri, anakwenda kuchagua nazi. Nitamrudishia pesa zake za awali mkononi kwanza, kisha nitasema.

Mke wangu amelala. Nimemwomba aniamshe saa kumi, akauliza ninakwenda wapi mapema hivyo, nami nimemwambia nitamweleza nikirudi.