Mjadala: Mtoto asiguse simu janja mpaka amalize kidato cha nne? Mimi nimekataa

Wenzangu wa Masasi, Newala, Lindi na kwingineko, salaam.

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu, huku Masasi. Minada ya korosho imeanza, na sote tunajua hela ya mnada inakokwenda: bati, pikipiki, simu mpya ya baba. Ile ya zamani inashuka kwa mtoto. Mzazi mmoja akasimama, akapendekeza mtoto asiguse simu janja mpaka amalize kidato cha nne, iwe shuleni au nyumbani, na mzazi atakayekaidi atozwe faini. Akataja mimba, kamari, sigara na video chafu. Karibu kikao kizima kikanyoosha mikono. Mimi sikunyoosha, na nikaambiwa nadekeza. Naleta hoja yangu hapa mniambie nimekosea wapi.

Hofu ya yule baba naielewa. Shuleni simu imekatazwa na iendelee kukatazwa. Hata kwa wadogo nakubaliana naye: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe kabisa. Kijana naye anahitaji kulala saa 8 hadi 10, kwa hiyo kwangu simu zote usiku zinalala chumbani kwa wazazi. Hapo sina ubishi na mtu.

Nisichokubali ni kwamba tukishaificha simu, mtoto amepona.

Jioni moja nilikuwa dukani nanunua sabuni. Akaja kijana, sidhani kama amefika miaka 14, akaweka sarafu mezani bila kusema neno. Muuzaji akachomoa sigara moja kwenye pakiti akampa. Onyo la afya limechapishwa kwenye pakiti, na pakiti ikarudi rafuni. Yule mtoto anaweza kuvuta mwaka mzima asilisome onyo hilo hata siku moja. Simu hakuwa nayo. Kibanda umiza, chumba cha kuonyesha video kwa kiingilio, kipo hatua chache kutoka hapo, na mlangoni hakuna anayeulizwa umri, mradi ana kiingilio.

Au tuseme pombe. Viroba, pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na lilikuwa jambo jema. Lakini mtoto wa kwetu msimu huu yuko chini ya mkorosho, anaokota korosho, mabibo, yaani tunda lenyewe la mkorosho, yanakamuliwa uani mbele yake, na uraka, pombe ya mabibo hayo, unachacha kwenye ndoo nyumbani kwa babu. Redio inamwambia, mbiombio mwishoni mwa tangazo, kwamba pombe si ya walio chini ya miaka 18. Tangazo lenyewe ni la bia ya chupa. Mtoto anaelewa kwamba pombe ni ile ya chupa, na uraka ni kinywaji cha nyumbani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilitolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Ilipofika zamu ya shule yetu, binti yangu alinifuata jikoni, akasimama mlangoni, akauliza: "Mama, nikichanjwa sitazaa?"

Alilitoa wapi? Kwenye simu yangu. Katika kundi letu la wazazi la WhatsApp ilikuwa imezunguka sauti ya mwanamke asiyejitaja jina, anasema chanjo inafunga kizazi, usiposambaza kwa wazazi kumi utajuta. Niliisikiliza kwa sauti kubwa huku napika, mtoto anachambua mchele pembeni yangu. Uvumi ulimfikia kwa mkono wangu, mtu mzima niliyeaminiwa simu. Faini ya yule baba isingegusa hapo.

Na ujumbe wa kweli ulikuwa wapi? Ulikuja kwa tangazo la mstari mmoja: wasichana wa umri huo wafike shuleni siku fulani. Haukusema kwamba HPV ni virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na ndiyo maana msichana anachanjwa kabla hajaanza, wala kwamba saratani yenyewe huchukua miaka mingi kujitokeza, kiasi kwamba anayeambukizwa akiwa msichana anaweza kuugua akiwa mama wa watoto wanne. Tumeona haya kuyasema. Uvumi hauna haya, ndiyo maana umetutangulia.

Aliyelimaliza jambo ni mama yangu, ambaye ni kungwi, anayewafunda mabinti unyagoni. Nilimpeleka kwa muuguzi, wakazungumza wao wawili muda mrefu. Jioni akamkalisha mjukuu wake mkekani, akamwambia habari za dada yake aliyekufa akitokwa damu miezi mingi, watu wakasema karogwa, wakazunguka naye kwa waganga mpaka akaisha. "Yule hakurogwa," alisema. "Kama sindano hii ingekuwepo enzi zetu, ningempeleka kwa mkono wangu." Mtoto aliuliza maswali ambayo mimi mama yake sijawahi kuulizwa. Siku ya chanjo alikwenda mwenyewe.

Mnaokumbuka Radio Tanzania mnakumbuka Twende na Wakati, mchezo ulioanza mwaka 1993, mara mbili kwa wiki, na Mkwaju dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Dodoma haikurushiwa mpaka 1995, hivyo watafiti wakapata pa kulinganisha. Mahali uliposikika, watu walijitokeza zaidi kwenye uzazi wa mpango, na wengi wakasema wamepunguza wapenzi. Ulikuwa mchezo wa wakubwa, sawa. Lakini watu walikaa na Mkwaju miaka, wakamjadili vibarazani na majumbani, wakamwona akiugua. Sisi tunampa mtoto mstari mmoja kwenye tangazo, halafu tunashangaa hasikii.

Kwa hiyo pendekezo langu: nguvu tunayotaka kuitumia kukamata simu, tuipeleke kwa watu ambao mtoto wa Kusini tayari anawasikiliza. Makungwi na manyakanga, yaani wakuu wa unyago na jando, wakae na wauguzi kabla ya unyago na jando za likizo. Redio zetu ziweke vipindi vya afya jioni mtoto akiwa nyumbani, zitaje uraka kwa jina lake, na ziruhusu watoto wapige kuuliza.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Kaka wa Nachingwea anasema unyago wenyewe ndio unaowaharakisha mabinti. Kaka yangu, sitakupinga moja kwa moja. Yapo yanayofundishwa mle ambayo hayamfai mtoto wa miaka tisa, na mama yangu mwenyewe amekiri hivyo. Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshawahi kupata ujauzito, na mzigo huo hatuwezi kuusukumia simu peke yake. Ila unyago hautakoma kwa sababu wewe na mimi tumeandika hapa. Kungwi asiyejua chanjo ni nini atamfundisha mwali hivyo hivyo, Desemba hii.

Dada wa Lindi mjini ameuliza kama siri za unyago hazitavunjwa muuguzi akikaribishwa. Nilimuuliza mama swali hilo hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema muuguzi si lazima aingie ndani. Aje siku moja kabla, akae na makungwi barazani, wamuulize wanayotaka, aondoke. Yaliyo ya ndani yatabaki ndani, na yake watayasema wao kwa maneno yao.

Kama kuna aliyeliona jambo hili likifanyika, iwe Newala, Tandahimba au Kilwa, atueleze lilikwendaje na makungwi walilipokeaje. Kikao kingine cha wazazi ni mwisho wa mwezi, nataka niende nikiwa na mfano mkononi.