Zahanati ya kijijini inaweza kujilipa yenyewe?

Mtu wa Rangi Tatu
Wakuu habari za jioni. Sisi ni watu wa kijiji kimoja huko Liwale tunaishi hapa Dar, wengi Mbagala na Kongowe, tuna chama chetu cha kufa na kuzikana sasa pesa imetuna kidogo watu wanataka tukajenge zahanati nyumbani, maana ya karibu ni mbali na masika bodaboda hazipiti kabisa. Wazo ni iwe yetu wenyewe, mgonjwa alipie kidogo, tuajiri tabibu mmoja na nesi, ijiendeshe. Mwenyekiti kapiga hesabu nyuma ya daftari anasema mwaka wa pili inarudisha hela. Mie roho inasita. Mnasemaje?

Bi Sindano
Nimefanya kazi zahanati za vijijini miaka mingi mwanangu. Wanaojaa pale benchi asubuhi ni nani? Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee. Hao wote kwenye zahanati ya serikali wana msamaha kisera (mzee wa 60 na kuendelea asiye na uwezo), ukiwaambia walipe kwenu watabaki nyumbani na homa yao au watatembea mpaka kwa serikali. Wanaobaki kulipa ni wakulima, na mkulima wa kwenu hela anaiona akiuza ufuta na korosho, malaria inamkuta kwenye mvua mfukoni hana kitu. Utamfukuza? Humfukuzi, unaandika deni kwenye daftari na daftari linajaa.

Kalikuleta
Tufanye hesabu basi. CHF iliyoboreshwa (ile bima ya afya ya jamii) huko mikoani kaya ya watu sita ilikuwa elfu 30 kwa mwaka, yaani elfu 5 kwa kichwa. Tuseme kijiji kina kaya 300 na WOTE wakate kadi, kitu ambacho hakitokei, unapata milioni 9, na hiyo haibaki yote kituoni kwa sababu mfuko unakusanywa kimkoa ili mtu akipewa rufaa nako ikalipie. Haya tabibu na nesi wape laki nne nne tu, mshahara wa kuwaonea huruma, kwa mwaka ni milioni 9 na laki 6. Hapo hujanunua hata panadol, gloves wala betri ya sola. Mwenyekiti wenu aje hapa atuonyeshe hilo daftari.

Mtu wa Rangi Tatu
Duh. Sasa za misheni zinawezaje?

Kalikuleta
Nyingi zina mkataba na halmashauri mkuu, watumishi wengine analipa serikali, na wafadhili wa nje zamani walibeba sana. Siyo ile hela ya dirishani.

Msangi wa Kimara
Jengeni muikabidhi serikali, acheni ndoto ya umiliki. Ikisajiliwa mishahara inatoka hazina, dawa zinatoka MSD (bohari ya dawa ya serikali), na tangu 2017/18 hela ya mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya inaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, haipitii tena halmashauri, kamati ya usimamizi yenye wanakijiji wenu ndani ndio inapanga matumizi. LAKINI msianze kuchimba msingi kabla ya kumuona mganga mkuu wa wilaya. Kuna kijiji nakijua walinyanyua boma (kuta tu, jengo halijakamilika) kwa nguvu zao, halikuwepo kwenye mpango, miaka imepita miti imeota vyumbani. Serikali huwa inatoa kama milioni 50 kumalizia boma la zahanati ila foleni yake ni ndefu, kaulizeni mpo wapi kwenye foleni.

Mtu wa Rangi Tatu
Hapa mwenyekiti ataniua, keshalipia tofali.

Bi Sindano
Tofali haziozi. Jengeni nyumba ya mtumishi kwanza, yenye choo ndani na tanki la maji. Nesi akipangiwa kijijini akakuta analala kwenye chumba cha dawa, mwezi wa tatu anaomba uhamisho.

Msangi wa Kimara
Nakazia hapo kwa Bi Sindano. Na risiti za hizo tofali zitunzwe, mkuu, halmashauri inazihesabu kama nguvu za wananchi.