Mimba mwezi wa tano sijapima, mume hataki kwenda, nishaurini

Binti wa Kaskazini: Assalam alaykum jamani. Niko Pemba upande wa Wete, mimba ya kwanza hii, mwezi wa tano na kliniki sijafika. Mama mkwe alinambia tusitangaze mapema, macho ya watu, nikanyamaza. Sasa tumbo lishatoka nataka kwenda ila nasikia siku ya mwanzo wanapima ukimwi, kaswende na homa ya ini na wanataka uende na mume, kumwambia tu akasema "kwani mie mgonjwa?" akavaa kofia akatoka. Na anaetutoa damu ya kupima pale kituoni ni jirani yetu, kisima kimoja tunateka, naogopa neno litafika nyumbani kabla yangu. Wallahi silali.

Ummu Salha: Waalaykum salaam mdogo wangu. Mie nilikwenda peke yangu na nikapimwa, usimsubiri. Kama jirani ndo anakutia hofu panda gari nenda Chake, nani atakujua huko? Kukaa na hofu miezi tisa ndo kubaya zaidi.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu umechelewa, kliniki inatakiwa uanze kabla ya wiki 12, lakini hujachelewa kupima. Virusi vya ukimwi bila dawa mtoto anaweza kuambukizwa asilimia 15 mpaka 45, mama akitumia dawa vizuri inashuka chini ya 5. Homa ya ini B mtoto akiipata wakati wa kuzaliwa, 9 kati ya 10 hubaki nayo, ndo maana chanjo yake inatakiwa ndani ya saa 24. Kaswende nimeiona ikitoa mimba kubwa, mtoto katimia viungo vyote, na dawa yake ni sindano ya penisilini tu. Hilo mpaka leo linaniuma.

Baba Twaha: Mie nilikataa kama huyo mumeo, wala haikuwa kiburi, nilikuwa naogopa jibu. Mke wangu akakutwa na kaswende, daktari akasema na mie nidungwe la sivyo namrudishia. Nilikwenda usiku wa magharibi kichwa chini, sindano iliniuma siku mbili basi. Mwambie hivyo mumeo, mwambie wakiwa hawapo watu.

Binti wa Kaskazini: Mungu awalipe. Nimemsomea hiyo ya Baba Twaha, hakujibu kitu ila kauliza gari ya Chake inaondoka saa ngapi. Jumatatu nakwenda na wifi yangu, mume akija akija. Mama mkwe ntamwambia nikisharudi.