Mahindi yanageuka zambarau na mbolea ya DAP nimeshaweka, naombeni ushauri

Mama wa Uani: Wakuu, habari za jioni. Nina uwanja mdogo huku Kigamboni, hatua 15 kwa 8, nimepanda mahindi na mbaazi. Mahindi yana wiki tatu. Upande wa getini yamedumaa, majani ya chini yameanza zambarau kwenye kingo. Mbaazi za hapohapo ni kijani kabisa. Siku ya kupanda nilimwaga DAP juu juu, juzi nikaongeza majivu ya jikoni. Upande huo fundi alishindilia kifusi wakati wa ujenzi. Wanangu wanayahesabu kila wakitoka shule, inaniuma. Nimekosea wapi?

Jembe la Mbagala: Pole dada. Hiyo ni njaa ya fosforasi. Ongeza DAP, ndiyo yenye fosforasi.

Mtu wa Udongo: Mkuu, kuongeza juu juu hakutasaidia. Naitrojeni huyeyuka ikafuatana na maji mpaka mzizini. Fosforasi haisafiri hivyo: inasogea milimita chache tu, ikishikwa na udongo imetulia. Mzizi ukimaliza iliyo jirani yake lazima uote kwenda mbele, na kwa mahindi machanga mizizi bado mifupi. Kazi kubwa inafanywa na vinyweleo vyake, na kuvu wanaoishi mizizini ambao nyuzi zao hufika sentimita kadhaa mbali zaidi. Dada, ng'oa mche mmoja kwa kijiko, usiukung'ute, utuambie umeona nini. Halafu dondoshea siki kwenye udongo wa pale, ikitoa povu ujue kuna chokaa.

Jembe la Mbagala: Mbona mbaazi hazisumbuki? Nasikia mizizi yake hutoa asidi.

Mtu wa Udongo: Ni kweli, ila asidi ile inafungua zaidi fosforasi iliyoshikwa na madini ya chuma. Kwenye chokaa haina nguvu hiyo. Nadhani mzizi mkuu wa mbaazi umepenya kifusi ukakuta udongo mzuri chini.

Mama wa Uani: Nimerudi. Siki imetoa povu! Mche una mchanga umeng'ang'ania mzizini kama soksi, lakini chini mizizi imepinda ikatambaa ubavuni, imegonga kipande cha plasta.

Mtu wa Udongo: Basi tumepata. Mchanga ule umeshikwa na vinyweleo, mche wako unahangaika kweli, usiukatie tamaa. Saruji na plasta zina chokaa, inaifunga fosforasi, na majivu yanazidisha chokaa hiyo. Acha majivu. Toboa kishimo sentimita 5 kando ya shina na kina hichohicho, weka DAP kizibo kimoja cha soda, fukia, mwagilia. Palizi iwe ya juu, jembe lisikate mizizi. Mvua zikiisha, toa kile kifusi.

Mama wa Uani: Asante sana. Nina samadi ya kuku, nayo niweke?

Mtu wa Udongo: Iliyooza tu, ikishakuwa nyeusi na haina harufu kali. Mbichi itaunguza hiyo mizizi tunayoihangaikia. Tuma picha baada ya wiki mbili, angalia majani mapya. Yale ya zamani yanaweza kubaki na zambarau yake.