MREJESHO: Binti yangu na mashindano ya bendi, Texas

Wakuu, heshima kwenu. Ni yule mzazi wa huku Houston niliyeomba ushauri kuhusu binti yangu, mpiga tarumbeta wa bendi ya gwaride ya sekondari, aliyekuwa akichelewa mdundo kila akipangwa pembeni ya uwanja, mbali na ngoma.

Mashindano ya mkoa ya UIL (chombo kinachosimamia mashindano ya shule za Texas) yamepita, na bendi imepata Daraja la I, la juu kabisa! Tukapanda hatua ya Area, inayofuata baada ya mkoa. Huko tuliishia mchujo wa asubuhi, fainali hatukuingia.

Kilichomsaidia zaidi ni kauli ya yule ndugu aliyesema: macho kwa kiongozi wa bendi anayeonyesha mdundo kwa mkono, usifuate ngoma. Sauti ikisafiri mita 34 inachukua sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo anayesubiri kuisikia ameshachelewa. Mkono wa kiongozi unaonekana papo hapo. Alipolishika hilo, mdundo ukakaa.

Dada aliyeshauri chaki, Mungu akubariki. Tulichora mistari kwenye maegesho ya nyumbani, mmoja kila yadi 5, umbali wa kutembea kwa hatua 8, yaani kama sentimita 57 kila hatua. Kwenda mbele sasa anafika mstarini bila kutazama chini. Kurudi kinyumenyume bado: visigino vinashuka, hatua inafupika, na hilo lilimtupa nje ya mstari kule Area. Tunaendelea nalo kwa ajili ya msimu ujao.

Asanteni sana, nyote mliojibu.